Uzoefu wangu Regensburg: nilifuata kanisa, nikarudi kwa ajili ya daraja

Nimeshafika Regensburg, mji wa kale huko Ujerumani, mara mbili. Kutoka Munich ni treni ya kama saa moja na nusu, na ukishuka stesheni, miguu yako inatosha.

Mara ya kwanza nilifuata Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Kuingia ni bure. Ndani kuna giza, na giza hilo ndilo linalovipa uhai vioo vya rangi. Usitoke hujamwona malaika Gabrieli wa jiwe, anatabasamu kama mtu aliyeleta posa ikakubaliwa. Minara ya kanisa, ya mita 105, ambayo kila mtu anaipiga picha, ilikamilika 1869 tu.

Daraja la Mawe ndilo mzee wa mji. Lilijengwa 1135 hadi 1146, lina urefu wa mita 300 na ushee. Wapiganaji wa Vita vya Msalaba walilivuka 1147. Nguzo zake ni nene kiasi kwamba mto Danube unabanwa, kisha unachomoka upande wa pili ukizunguka na kutoa povu. Nilishuka ukingoni kuusikiliza tu huo mngurumo.

Katikati daraja limeinuka kama nundu. Wenyeji husema fundi wake alishindana na fundi wa kanisa, akamwahidi shetani roho za kwanza kuvuka ili amsaidie kumaliza mapema, kisha akavusha jogoo, kuku na mbwa. Shetani kwa hasira akalisukuma kutoka chini. Hadithi tamu, ila kanisa hili lilianza kujengwa zaidi ya miaka 100 baada ya daraja kwisha!

Kero hazikosekani. Ziara niliyolipia niliahidiwa ya Kiingereza, ikawa Kijerumani mwanzo mwisho. Soseji maarufu za kando ya daraja ni za nguruwe, kwa hiyo mimi niliambulia harufu ya moshi. Na tangu ukarabati uishe 2018, sakafu ya juu imekuwa nadhifu mno kwa daraja la umri huo. Magari hayapiti, lakini jihadharini na baiskeli, zinakuja kimyakimya.

Ushauri wangu: vukeni hadi Stadtamhof, mtaa wa ng'ambo ya daraja, jioni, kisha mgeuke. Jua linapiga uso wa kanisa, daraja liko mbele, maji chini. Mara ya pili nilikaa pale hadi treni niliyoipanga ikaniacha.