EPANET: ya bure, ya kizamani, na huamini kila unachoiambia

Tangi lilitakiwa kujaa saa 10 alfajiri. Saa 12 nilikuwa juu ya ngazi, nimeinamia mfuniko na tochi ya simu mkononi, na robo nzima ya tangi ilikuwa bado hewa tupu. Chini, kina mama walishapanga ndoo kwenye kilula. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee ambaye huniita mwanangu hata nikiwa nimevuruga, akauliza taratibu: "Mwanangu, ile kompyuta yako ilisema litajaa saa ngapi?"

Ndani ya hiyo kompyuta kulikuwa na EPANET, programu ya kuhesabu maji yanavyopita kwenye mabomba, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa. Mimi ni fundi sanifu wa maji, nafanya miradi ya mserereko huku Lushoto: banio (pale maji yanapoingizwa bombani) juu mlimani, bomba linashuka, tangi, kisha vilula. EPANET nimeitumia miaka sita. Imetengenezwa na EPA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira. Toleo la kwanza lilitoka 1993, toleo la 2.0 mwaka 2000, na 2.2 ninayotumia lilitoka 2020. Ukiifungua utadhani umerudi 2000 kweli, maana vitufe vyake ni vidogo na rangi ni zile za kompyuta za internet cafe. Lakini ni bure kabisa, haidai leseni wala bando ukishaipakua, na inakimbia kwenye laptopu ya mtumba bila kukohoa.

Unachora banio, mabomba, tangi na vilula. Unaandika mwinuko wa kila sehemu, urefu wa kila bomba, kipenyo na ulaini wa ukuta wake. Unabonyeza kitufe, na inakuambia maji mangapi yatapita wapi na presha ipi itabaki. Zamani nilikuwa natafuta upotevu wa presha kwa chati na rula, bomba moja moja. Mtandao ukiwa na mizunguko miwili mitatu, siku nzima imeisha. EPANET inamaliza kabla sijameza funda la chai.

Sasa turudi kwenye tangi. Mradi ulikuwa hivi: mita 1,800 za bomba la plastiki la HDPE la milimita 63, tofauti ya mwinuko mita 14 kutoka banio hadi mdomo wa tangi, tangi la lita 50,000. Niliandika kipenyo 63, nikachagua Hazen-Williams, kanuni ya kukadiria upotevu wa presha, nikaweka kigawo cha ulaini 140. Ikanipa lita 1.97 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo, vilula vikifungwa saa 3 usiku, tangi linajaa ndani ya saa 7. Nikaiambia kamati hivyohivyo, tena kwa kujiamini.

Kosa ni kwamba 63 ni kipenyo cha nje. EPANET inataka cha ndani. Dukani walikuwa wameishiwa PN10 (bomba la kuhimili presha ya bar 10), wakatupa PN16 (la bar 16), na kamati ikafurahi kwamba bomba nene ndilo imara. Unene ule unakula tundu. PN16 ya 63 ina ukuta wa milimita 5.8, kwa hiyo ndani zinabaki 51.4. Nikaweka 51.4 na programu ileile ikanipa lita 1.15 kwa sekunde. Saa 12 za kujaza badala ya 7. Hata PN10 yenye milimita 55.4 ndani ingenipa lita 1.4 tu. Kipenyo kwenye kanuni hii kinapandishwa kipeo cha 4.87, ndiyo maana milimita chache zinakula karibu nusu ya maji yako. Programu haikunidanganya. Lakini pia haikuniuliza, na kwa chombo ambacho wengi wetu tunajifunza wenyewe bila mwalimu, hiyo ni kasoro. Neno moja tu, "cha ndani", pale pembeni ya kisanduku, lingeniokolea aibu.

Mitego mingine ni ya namna hiyohiyo. Ukiifungua mara ya kwanza inahesabu kwa galoni kwa dakika na inchi, kwa sababu ni ya Wamarekani. Ukibadilisha kwenda lita kwa sekunde bila kugusa vipimo vya kuanzia, kila bomba jipya utakalochora litakuwa na kipenyo 12, na sasa hizo ni milimita. Nimewahi kutafuta nusu siku kwa nini mtaa mzima hauna maji kwenye skrini. Na ukihama kutoka Hazen-Williams kwenda Darcy-Weisbach, kanuni nyingine ya upotevu wa presha, ile 140 yako inabaki palepale, ila sasa inasomwa kama ukwaruzo wa ukuta kwa milimita. Bomba lenye ukwaruzo wa milimita 140! Hilo ni korongo.

Kuhusu fitingi (elbo, valvu na viungio), kama upotevu wake uhesabiwe au la, hapa watu wanabishana bure. Kila bomba lina kisanduku cha kigawo cha upotevu wa fitingi, na kinaanza na sifuri. Kwenye bomba langu la mlimani maji yanakwenda kama mita 0.55 kwa sekunde, kwa hiyo elbo moja yenye kigawo 0.9 inakula sentimita moja na kitu za presha (presha tunaipima kwa kimo cha maji). Weka elbo kumi, hujafika robo mita. Acha sifuri, ulale. Lakini ndani ya chumba cha pampu mambo yanageuka. Nyumba moja ya wageni Tanga mjini walilalamika pampu mpya haifikishi maji juu. Mita 12 tu za bomba la chuma, ndani milimita 41, lita 4 kwa sekunde. Bomba lenyewe lilikula mita 3.7 za presha. Elbo nne, nonritani valvu (ya kuzuia maji kurudi nyuma) na globu valvu moja zilikula mita 7.5, mara mbili ya bomba! Globu valvu peke yake ina kigawo 10, geti valvu iliyofunguliwa yote 0.2. Tukaing'oa globu, tukafunga geti, tukarudishiwa zaidi ya mita nne na nusu bila kugusa pampu. EPANET ilinionyesha hilo kwa kubadilisha namba moja.

Jambo jingine linalowachanganya wageni wa programu hii ni presha hasi. Kwa kawaida inachukulia kwamba kila kilula kinapata maji uliyoandika, hata kama hayawezi kufika, kisha inakuonya presha iko chini ya sifuri. Toleo la 2.2 limeongeza hesabu ambayo maji hupungua presha ikipungua. Iwashe. Ndiyo inayofanana na kijiji.

Hewa haiijui. Inadhani bomba limejaa maji muda wote, kwa hiyo ukipitisha bomba juu ya kilima bila valvu ya kutolea hewa, itakupongeza tu. Wala haihesabu ule mshindo wa maji mtu akifunga valvu kwa ghafla. Na kama unafunga maji kwenye nyumba moja ya vyumba vitatu, usijisumbue nayo, karatasi inatosha.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya kile kisanduku cha kipenyo.

Tangi tulilirekebisha kwa programu hiyohiyo. Nilijaribu kubadilisha vipande tofauti vya bomba, hadi nikaona rola 11 za mita 100, HDPE ya 75 yenye milimita 66 ndani, zinatosha kufikisha lita 1.56 kwa sekunde. Kabla ya kununua nilikwenda stoo na kalipa, nikapima ukuta wa bomba mwenyewe. Mabomba yaliyotolewa tulisogezea kilula cha shuleni. Kompyuta ilisema tangi litajaa dakika chache kabla ya saa 12 asubuhi. Lilimwagika saa 12 na robo, na mzee, ambaye safari hii alipanda ngazi yeye mwenyewe, akachungulia, akashuka, akasema tu: "Imechelewa."