Sanduku la chatu la mafundi wa Dodoma: zuri kwa umbo, linahitaji marekebisho

Sanduku hili la mbao na kioo, sentimita 80 kwa 45 kwa 40, linamtosha chatu mchanga wa Afrika Magharibi, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Kibali cha wanyamapori kwanza, sanduku baadaye.

Kasoro kubwa ni juu: wavu mtupu. Kwa upepo mkavu wa Dodoma, unyevu unashuka chini ya asilimia 40, na nyoka anajivua ngozi vipandevipande, mara nyingine kipande kinabaki juu ya jicho. Ziba robo tatu ya wavu kwa plastiki ngumu, tandika makumbi ya nazi yaliyosagwa sentimita 5, uyanyunyizie maji hadi kipimo cha unyevu kisome asilimia 60. Maranda ya msonobari usiguse. Mafuta yake yanaweza kuumiza mapafu.

Mkeka wa joto umefungwa vizuri chini, upande mmoja, lakini hauna themostati, kifaa cha kudhibiti joto. Hilo halivumiliki: bila hiyo unaunguza tumbo la nyoka. Upande wa moto uwe nyuzi 32, wa baridi 26, na kila upande uwe na pango lake la kubana. Pango moja tu, atachagua usalama aache joto, halafu agome kula.

Chakula hakiji na sanduku. Panya mmoja kila siku 7, unene usiozidi kiuno cha nyoka, aliyekufa na kupashwa kwenye maji ya moto. Usimshike nyoka saa 48 baada ya kula, anaweza kutapika.

Kitasa cha mlango ni kizuri kweli.