TAHADHARI: Vishoka (mawakili feki) wanaozunguka wodi za mifupa kutafuta majeruhi wa ajali (Dar)

Ndugu zangu mliopo Dar, hasa wenye mgonjwa wodini sasa hivi, someni hii kabla hamjatia dole kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Mjomba wangu ni tarishi kwenye kampuni moja mjini. Oktoba mwaka jana alitumwa benki, akagongwa na gari aina ya Noah kwenye kivuko, Barabara ya Kilwa. Muundi wa kulia vipande viwili, mkono wa kulia hogo la plasta mpaka juu ya kiwiko.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, akaingia mwanaume wa makamo na bahasha ya kaki, viatu vimepigwa kiwi vinang'aa. Akamwamkia mama shikamoo, na mama ni rika lake kabisa. Alikuwa analijua jina la mjomba, namba ya kitanda, namba ya ile Noah, mpaka jina la askari aliyepima ajali. Sisi wenyewe namba ya gari hatukuwa nayo. Nani alimpa, mpaka leo sijui, ila mtu wa namna hiyo hafanyi kazi peke yake.

Akajitambulisha kuwa ni "wakili msomi". Baadaye wakili wa kweli aliniambia jambo nikacheka kwa uchungu: msomi ni heshima wanayopeana wao kwa wao mahakamani, hakuna anayejiita mwenyewe. Mtu akija kitandani kwako anajiita msomi, hapo hapo shtuka.

Maneno yake yalikuwa haya: "Mzee wangu, mwezi mmoja ukipita hujadai, haki yako imekufa." Uongo mtupu. Kumshtaki mtu aliyekuumiza kwa uzembe wake, sheria ya ukomo inatoa miaka 3. Lakini mama alikuwa analia, mimi nahangaikia hela ya vyuma vya mguu, nani atabishana na mtu mwenye bahasha?

Akatoa karatasi tatu. Kwa kuwa mkono wa kuandikia uko kwenye hogo, akachukua kalamu ya bluu, akaipaka kwenye dole gumba la kushoto la mjomba, akasugua taratibu kama anayempaka dawa, akaligandamiza. Karatasi mbili zilikuwa zimechapwa. Ya tatu ilikuwa nyeupe. "Hii nitaijaza ofisini, ni ya kawaida tu." Wino ukapaka kwenye shuka, nesi akatufokea. Mimi nikadhani kosa letu la siku ile ni shuka.

Hela zikaanza. Elfu 30 ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Elfu 80 ya ramani ya ajali. Laki na nusu ya "kufungua jalada la bima". Zote kwa simu yake. Sasa jamani, PF3 haiuzwi, unaipata kituoni bure. Na malipo halali ya serikali huja na kontroo namba, unalipia unapata risiti. Katika hiyo 260,000 yetu hakuna hata shilingi iliyokuja na kontroo namba, na hatukuuliza.

Baada ya hapo ikawa ni hadithi. Mara jalada liko mezani kwa bosi, mara mtandao uko chini. Februari akatokea nyumbani na 1,200,000 taslimu ndani ya bahasha ile ile ya kaki. "Bima za siku hizi ngumu, nimepigana." Tukamshukuru. Mama alimchinjia kuku. Huyo kuku ananiuma kuliko hela.

Mambo yalifumuka kwa binamu yangu tu, mtu wa udadisi. Aliingiza namba ya ile Noah kwenye mfumo wa TIRA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambako mtu yeyote anaweza kuhakiki kama gari lina bima na ni ya kampuni gani. Ni bure, dakika mbili. Kampuni ikaonekana, tukaenda. Dada aliyetuhudumia akafungua faili na kutugeuzia: Januari walishalipa 7,800,000, kwa akaunti ya yule bwana. Karatasi ya kwanza ilikuwa hati ya uwakilishi, inampa mamlaka ya kudai na kupokea fedha kwa niaba ya mjomba. Ya pili ni barua ya madai. Ile ya tatu, nyeupe, sasa ilikuwa na maneno: mlipwaji amekubali kiasi hicho kuwa malipo ya mwisho na hana dai lingine lolote. Chini yake dole gumba la kushoto, la bluu, limepinda kidogo upande. Nililikumbuka.

Kampuni inasema imelipa kwa karatasi halali machoni pake. Polisi tumepata RB, yaani namba ya taarifa yetu, simu ya bwana haipatikani. Tumepeleka lalamiko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo ipo kwa ajili ya mtu wa kawaida aliyekwama na kampuni ya bima, na hailipishi. Tunasubiri.

Haya, yale ambayo ningetamani kuambiwa siku ile ya tatu.

Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kisheria liwe na bima ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu ni wewe uliyegongwa. Wewe ndiye mwenye dai, na unaweza kulipeleka mwenyewe: barua kwa kampuni ya bima ya gari, PF3, ripoti ya polisi ya ajali, ramani, ripoti ya ukaguzi wa gari, vyeti vya daktari na risiti zote, hata za bajaji ya kwenda kliniki. Wakitaja kiasi, usiharakie. Subiri daktari amalize na aandike ulemavu uliobaki ni asilimia ngapi. Mjomba "amekubali malipo ya mwisho" na vyuma bado viko mguuni, na kuvitoa ni gharama nyingine kabisa.

Kitu ambacho kishoka hakukitaja hata mara moja ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Nadhani ni kwa sababu hapo hana pa kuchomeka mkono. Mjomba aliumia akiwa ametumwa na mwajiri, yuko kazini. Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake, haruhusiwi kukukata mshahara kwa ajili hiyo. Unagharamia matibabu, unalipa asilimia 70 ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi, na ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna fidia yake. Ila huku muda ni mfupi kweli: dai lipelekwe ndani ya miezi 12. Ona alivyotudanganya, alitukimbiza pasipo na haraka, akanyamaza penye haraka. Sisi tulibakiwa na miezi mitatu na kidogo. Mwajiri alianza kuzungusha, tukaenda ofisi za Mfuko wenyewe, wiki iliyofuata akajaza fomu.

Kuhusu mawakili. Sisemi msitumie wakili, kesi nyingine bila yeye huziwezi. Ila wakili wa kweli ana namba ya usajili na leseni anayoihuisha kila mwaka, na jina lake lipo kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Mwombe namba, itafute mbele yake, asiye na hatia hakasiriki. Na wakili wa kweli haruhusiwi kuzunguka vitandani kutafuta wateja, kwa hiyo kule kuja kwake tu ni jibu tosha. Kama huna hela, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizeni ustawi wa jamii wa hospitali au halmashauri, watawaelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Hati ya uwakilishi usimpe mtu usiyekuwa tayari kumwachia nyumba yako. Na karatasi nyeupe, hata kwa ndugu, hapana.

Huyu bwana hana fani moja. Wodini humo humo alimwambia mama mmoja aliyefiwa na mumewe ampe laki tatu amtolee "barua ya mirathi". Mirathi za kawaida zinafunguliwa mahakama ya mwanzo. Unapeleka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, linatolewa tangazo, asipopinga mtu mahakama inateua msimamizi na kumpa Fomu Namba 4. Haitolewi kwenye bahasha ya mtu. Na aliyeteuliwa ni msimamizi, mali haijawa yake. Anarudi mahakamani kuonyesha alichokusanya na alivyogawa. Mwingine, mke wa dereva, yule bwana alimwambia kuwa mama wa nyumbani hana chake kwenye nyumba ya mume wakiachana. Mahakama ya Rufani ilishalimaliza hilo mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed: kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Watu wenye wazee wastaafu nao wawe macho, lugha ni ile ile, "mafao yako yamekwama, tuma kidogo niyasukume".

Jambo la mwisho, na ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Kitanda cha pili kutoka mlangoni alilazwa kijana wa bodaboda, mkewe mjamzito, alikuwa anatuletea vitumbua asubuhi. Siku ile ile yule bwana alipotoka kwetu alienda kwao, na nilimwona akipaka kalamu ya bluu kwenye dole la yule kijana. Namba zao hatukuchukua. Kijana alisema wanakaa Mbagala Kizuiani. Kama kuna anayewafahamu, awaambie waende kwenye kampuni ya bima leo, kabla hawajaletewa bahasha.