Godflesh na "A World Lit Only by Fire": mashabiki wanalalamikia nini, na wana haki kiasi gani

Godflesh, bendi ya metali ya viwandani (industrial metal), ni vitu vitatu: gitaa na sauti ya Justin Broadrick, besi ya G. C. Green, na mashine ya ngoma. Tunaanzia hapo kwa sababu karibu kila ubishi kuhusu albamu yao ya kurudi, A World Lit Only by Fire, iliyotoka tarehe 7 Oktoba 2014, unaishia kwenye maswali mawili: nani anapiga ngoma, na spika zako zinaweza kukuletea kilichomo ndani ya rekodi?

Kwa ambao hawakuwafuata tangu zamani, bendi ilianza kwa jina hilo Birmingham, Uingereza, mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikatoa Streetcleaner, albamu ambayo mpaka leo kila kazi yao hupimwa nayo. Kwenye Songs of Love and Hate ya 1996 walimweka binadamu kwenye dramu, Bryan Mantia, na kwenye Hymns ya 2001 akaketi Ted Parsons. Kisha Green akaondoka, bendi ikavunjika mwaka 2002, na Broadrick akaelekeza nguvu kwenye Jesu, bendi yake nyingine. Walirudi jukwaani kwenye tamasha la Hellfest, Ufaransa, mwaka 2010, wakakaa miaka minne bila kutoa nyimbo mpya zao wenyewe. Katikati ya 2014 ikaja EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya nyimbo nne, Decline & Fall, na miezi michache baadaye albamu yenyewe: nyimbo kumi, karibu dakika 54, zilizozalishwa na Broadrick mwenyewe na kutolewa na lebo yake, Avalanche Recordings. Baina ya Hymns na hii ni miaka 13.

Shangwe kubwa ya mashabiki ilikuwa moja: mashine imerudi. Shangwe hiyo ina msingi. Mpiga dramu mzuri hupumua. Pigo moja huja mapema kidogo, jingine huchelewa, jingine huja na nguvu zaidi, na masikio yetu hufuata uhai huo. Mashine haifanyi hivyo. Kiki, yaani pigo la ngoma kubwa ya chini, inaanguka mahali palepale kwa uzito uleule, na gitaa na besi zinalazimika kufungwa kwake kwa msumari. Matokeo yake, badiliko dogo kabisa kwenye rifu (kipande cha gitaa kinachojirudia), noti moja iliyoshikiliwa zaidi au mwanya uliofupishwa, linasikika kama tukio. Kuna faida nyingine ambayo wachache huitaja. Matoazi ya mpiga dramu halisi hulia kwa muda mrefu na kujaza eneo la juu la sauti. Kwenye Hymns kazi ya Parsons ni nzuri, lakini inalinyima gitaa nafasi yake. Hapa matoazi ya mashine ni makavu na mafupi, kwa hiyo sehemu yote ya juu inaachiwa gitaa la Broadrick lipige miluzi ya fidibaki (sauti ya spika inayorudi kwenye gitaa) na kukwaruza, jambo ambalo hakuna anayelifanya kama yeye.

Wanaosema nyimbo zinajirudia wanasema kweli, ila wanahukumu kwa kipimo kisichohusika. Broadrick hajawahi kuficha mapenzi yake kwa hip hop, na nyimbo hizi zimejengwa kwa mantiki ya hip hop: unachukua kipande, unakizungusha, unakiacha kifanye kazi yake. Sikiliza "New Dark Ages", wimbo wa kwanza. Rifu inapigwa, inasimama, inapigwa tena, na ule mwanya katikati una uzito sawa na noti zenyewe. Usiifuate kwa kuhesabu noti za gitaa. Fuata sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, tikisa kichwa kwa mwendo wake, na baada ya mizunguko michache mwili utaelewa kwa nini haibadiliki. Mtu anayesubiri korasi ifunguke kama kwenye metali ya kawaida atasubiri mpaka wimbo uishe.

Lalamiko lililotawala zaidi, na linalostahili kujibiwa kwa urefu, ni la miksi, yaani jinsi sauti za vyombo zilivyochanganywa. "Ina tope." "Gitaa na besi havitofautiani." "Ni mngurumo tu." Chanzo ni chombo kipya: kwa EP na albamu hii Broadrick alihamia gitaa la nyuzi nane. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la nyuzi sita, ukiwa kwenye tyuni ya kawaida, ni E, takriban hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde). Uzi wa nane kwa kawaida ni F#, takriban hezi 46. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ni E ya hezi 41. Maana yake gitaa limeshuka mpaka karibu limguse Green, na kiki ya mashine ina nguvu zake nyingi papo hapo, kati ya hezi 50 na 100. Vitu vitatu vinagombea chumba kimoja.

Kinachovitenganisha ni mkwaruzo (distortion). Noti ya hezi 46 ikipitishwa kwenye mkwaruzo mzito huzaa sauti nyingine juu yake, hezi 92, 138, 184 na kuendelea, na hizo ndizo zinazokuambia hili ni gitaa na ile ni besi. Besi ya Green ina mkwaruzo wa aina yake, mkavu na wenye chuma, unaokaa katikati ya masafa. Ukiisikiliza kwenye spika ya simu, ambayo chini ya hezi 300 hivi haina kitu cha maana, ubongo bado unatambua noti kwa kutumia hizo sauti za juu, lakini uzito wote haupo. Unabaki na kelele nyembamba. Ukihamia kwenye spika ndogo ya bluetooth yenye kitufe cha kuongeza besi, mambo huharibika kwa upande wa pili: kile kitufe huvimbisha eneo la hezi 80 hadi 150, mahali ambapo kiki, besi na gitaa vinapopishana, na hapo tope linakuja kweli. Sehemu kubwa ya lawama za miksi inaeleza vyombo vya kusikilizia, wala si rekodi.

Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu, fanya hivi. Zima kila nyongeza ya besi na kila "sauti ya 3D". Kama una sabufa, yaani spika ya besi pekee, weka mpaka wake wa juu (crossover) kwenye hezi 80, iondoe pembeni mwa chumba angalau kwa nusu mita, maana kona huongeza mngurumo, kisha shusha nguvu zake mpaka usiisikie kama kitu cha peke yake. Cheza mwanzo wa "New Dark Ages" na uisikilize kiki tu: inapaswa kuwa na ncha, kama kitu kinachogonga, kabla ya kishindo chake. Ukisikia kishindo bila ncha, sabufa bado iko juu, au imepishana na spika kuu. Geuza swichi ya fezi (phase) ya sabufa kutoka 0 kwenda 180, chagua upande ambao kiki inakuwa nzito zaidi ukiwa umekaa mahali pako pa kawaida, halafu shusha tena. Bado kuna tope? Usiongeze chochote. Punguza hezi 200 hadi 300 kwa desibeli 2 au 3 kwenye ekwalaiza, na Green atatokea.

Hedifoni za kufunika masikio zenye mwili wa kutosha zinafanya kazi nzuri kuliko spika nyingi za bei ndogo. Angalizo moja: kwenye sauti ya chini sikio la binadamu hupoteza besi kwanza, ndiyo maana albamu hii ikichezwa kwa sauti ya chini huonekana nyembamba na kila mtu hukimbilia kuipandisha. Kwa usalama wa masikio, desibeli 85 ni kwa saa nane tu. Kila ukiongeza desibeli 3, muda salama unapungua kwa nusu. Ukiwa kwenye 94, saa moja tu inatosha, na albamu yenyewe inakaribia saa moja.

Faili nalo lina mchango wake. Mkwaruzo mzito unafanana na kelele tupu, na kelele tupu ndiyo ngumu zaidi kubanwa. Kwenye mp3 ya kilobiti 128, matoazi hugeuka kuwa kama sauti ya maji na mapigo ya sneya hupoteza ukali. Chukua 320, au FLAC (faili lisilopoteza kitu), au CD. Wapenzi wa santuri wakague jambo moja: besi nzito huhitaji mifereji mipana, hivyo upande mmoja ukizidi dakika 22 hivi, anayechonga santuri hulazimika kupunguza sauti kwa jumla au kupunguza besi. Dakika 54 zikigawanywa pande mbili ni 27 kila upande. Kama nakala uliyonayo imebanwa hivyo, usiitumie kuhukumu uzito wa albamu.

Na wale wanaosema "si Streetcleaner"? Wengi hulinganisha vibaya. CD za 1989 zilitengenezwa kwa sauti ya chini kuliko za 2014, na kitu chenye sauti kubwa zaidi huonekana kizito zaidi hata kama sicho. Washa usawazishaji wa sauti kwenye programu yako, au shusha ile mpya kwa mkono mpaka sneya za albamu zote mbili zilingane. Ujue pia unatumia toleo gani, maana Streetcleaner ilisafishwa upya na kutolewa tena mwaka 2010. Ukishasawazisha, tofauti halisi inajitokeza. Ya zamani ina mwangwi, kana kwamba kila kitu kinatokea ndani ya ukumbi mtupu wa kiwanda. Ya 2014 ni kavu na imesogezwa usoni, na gitaa liko karibu na sikio kiasi cha kusikia mkono ukizima nyuzi. Aliyeipenda Streetcleaner kwa ile hofu ya mbali atakosa kitu, na hana kosa. Kwa upande wa uzito tupu wa rifu, hii ya pili haina cha kuionea aibu ya kwanza.

Lalamiko ambalo halina jibu ni la katikati ya albamu. "Shut Me Down" na "Life Giver Life Taker" zinakwenda vizuri baada ya mbili za kwanza, moja kwa mdundo unaoruka, nyingine kwa kuachia uimbaji upumue. Kuanzia "Obeyed" hadi "Carrion", sauti ya gitaa haibadiliki, mkwaruzo ni uleule, na koo la Broadrick linanguruma kwa namna moja. Kila wimbo ukisikilizwa peke yake unasimama. Zikipangwa mfululizo zinachosha, na wimbo mmoja ungeweza kuachwa bila hasara. EP ya kabla yake, kwa kuwa na nyimbo nne tu, haina udhaifu huo, na mashabiki wanaosema ina nguvu zaidi kwa dakika wana hoja.

Kisha "Imperator" inafungua dirisha. Broadrick anaimba kwa sauti safi juu ya rifu ambayo bado inaponda, na miaka yote ya Jesu inasikika humo. Kuna walioona huo ni ulegevu. Hapana, ndiyo sababu albamu inafika mwisho ikiwa na maana. "Towers of Emptiness" inarudisha giza kwa mwendo wa kuburuta, na "Forgive Our Fathers" inafunga kwa huzuni ya wazi, sauti safi na besi ikitambaa chini yake. Hapo ndipo lile lalamiko la kwamba uimbaji umezamishwa linapopata jibu: sauti imewekwa chini ya gitaa karibu albamu nzima, kama chombo kingine, na inapopandishwa mwishoni unaisikia kwa nguvu zaidi. Wanaotaka kuelewa kila neno watafute mashairi wayasome pembeni. Kwa masikio peke yake haiwezekani, na haikukusudiwa iwezekane.

Kwa anayenunua leo, anayewajua tangu zamani achukue albamu hii bila kusita na aisikilize kwa awamu mbili, nyimbo tano halafu tano, mpaka imkae. Asiyewajua aanze na Decline & Fall, kisha hii, kisha arudi Streetcleaner. Aliyechoshwa na ukavu wake asiishie hapa: Post Self ya 2017 imelegeza magitaa na kuingiza baridi ya posti-panki, na Purge ya 2023 imerudi kwenye midundo ya hip hop kama ile ya Pure ya 1992. Hizo mbili zina sura nyingi zaidi. Kwa uzito wa vitu vitatu vilivyofungwa pamoja, hii ya 2014 bado inazishinda zote mbili.