Tahadhari kwa wageni wanaotafuta nyumba Mombasa: dalali anayepangisha nyumba isiyo yake Tudor

Ndugu zangu mnaojiandaa kuhamia Mombasa kutoka Tanzania au kwingineko, naandika haya kwa uchungu, lakini nikinyamaza nitakuwa nimemwachia mtu yule nafasi ya kumwibia mwingine.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, na nimekuja hapa kufanya kazi ya uhasibu katika kampuni inayoshughulikia mizigo ya bandarini. Nilivuka mpaka wa Horohoro nikiamini kwamba siendi ugenini hasa, kwa kuwa lugha ni moja, vyakula vingi ni vile vile, na hata kuamkiana na wazee hakunipi shida. Kumbe upangaji wa nyumba una desturi zake, na hapo ndipo niliponaswa.

Kwetu mwenye nyumba kudai kodi ya miezi 6, au hata ya mwaka mzima, kwa mkupuo ni jambo la kawaida. Hapa mpangaji kwa kawaida hulipa mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti, ambayo mara nyingi ni sawa na kodi ya mwezi mmoja, kisha huendelea kulipa mwezi kwa mwezi. Dalali yule, niliyempata kwa tangazo la mtandaoni, alinisikia nikiuliza kama inatakiwa miezi sita, na nadhani alitambua papo hapo kwamba sijui taratibu za hapa. Akanieleza kwamba kwa kuwa sijapata kitambulisho cha mgeni, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 3 na dipoziti, jumla shilingi za Kenya 100,000. Kwa mazoea ya kwetu, niliona nimeonewa huruma.

Nyumba alinionyesha mwenyewe, siku ya Jumamosi mchana, na ufunguo alikuwa nao mkononi. Jambo hilo ndilo lililoniondolea shaka. Vyumba viwili vilikuwa safi, pazia la kijani dirishani, taulo mbili zimekunjwa juu ya kitanda, na nyuma ya mlango palikuwa na karatasi yenye nywila ya intaneti na maneno yanayowataka wageni watoke kabla ya saa nne asubuhi. Niliisoma karatasi ile nikiwa nimesimama karibu nayo kabisa, lakini sikuielewa. Ilikuwa nyumba ya kulaza wageni wa siku chache, naye alikuwa ameikodi kwa siku mbili tu ili awaonyeshe watu kama mimi.

"Dada, kuna watu wawili wanakuja kuiona saa kumi," aliniambia, "ukikawia utaikosa."

Nilipotaka kutuma fedha kwa M-Pesa, jina lililojitokeza halikuwa lake. Akasema ni la mke wa mwenye nyumba, nami nikathibitisha malipo. Alinipa mkataba wenye muhuri wa wakili, ambao sikuuchunguza hadi maji yalipokwisha kumwagika. Chama cha Wanasheria cha Kenya kina orodha ya mawakili ambayo mtu yeyote anaweza kuipekua mtandaoni bila malipo, na jina lile halimo.

Jumatatu nilifika na mizigo yangu kwa tuktuk. Mama mmoja mtu mzima alifungua mlango, nikampa shikamoo, akaitikia, akaitazama mizigo kisha akanitazama mimi. "Mwanangu," alisema, "wewe ni wa tatu." Yeye ndiye mwenye nyumba.

Ujumbe wa muamala niliutuma kwa namba 456, ambayo ni ya Safaricom ya kuomba kurudishiwa fedha za M-Pesa, siku hiyo hiyo ya Jumatatu, nikiwa nimechelewa, kwa sababu fedha zikishatolewa hakuna cha kuzuiwa. Nilisita pia kwenda polisi nikidhani mgeni hatasikilizwa. Nawasihi msisite, kwani nilionyesha pasipoti yangu tu, nikaandikisha maelezo na kupewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na adhabu yake ni kifungo cha hadi miaka 3.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, zungumzeni na mlinzi wa lango na majirani wa ghorofa ile dalali akiwa hayupo, muwaulize mwenye nyumba ni nani, na mkatae kulipa kwa jina msilolijua hata mkielezwa nini. Nendeni na mwenzenu aliyeishi hapa muda mrefu. Mimi nilikuwa na wafanyakazi wenzangu ambao wangenisindikiza kwa furaha, lakini niliona haya kuwasumbua.

Wiki hii picha za dirisha lile lenye pazia la kijani zimeonekana tena, zikitangazwa kuwa ni za nyumba iliyopo Bamburi kwa kodi ya shilingi 22,000. Nyumba hiyo ipo Tudor, na mwenyewe haipangishi kwa mwezi.