Tahadhari kwa wakusanyaji wa Tanga: fremu zisizofunguliwa na mnada wa WhatsApp

Wadau, kuna muuzaji anayezunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya hapa Tanga akinadi vitu vya michezo "vya kale": jezi ndani ya fremu, vikombe, picha zenye sahihi, glavu za ndondi. Anabadilisha namba na jina la kundi, lakini mtindo ni uleule. Jina lake hatuliweki hapa, maana laini anazotumia zinaweza kuwa zimesajiliwa kwa majina ya watu wasiojua lolote. Tunaweka mbinu na vitu vyenyewe, kwa sababu hivyo habadilishi.

Tuanze na mnada. Kundi linafunguliwa usiku, kila kitu kina picha moja tu, na dau la kuanzia ni dogo la kutamanisha. Kabla ya kupanda dau unatakiwa utume "amana ya ushiriki", eti itarudishwa ukishindwa. Wengi wanapigwa hapohapo, maana hairudi. Dau linapaa kwa sababu sehemu kubwa ya wanaolipandisha ni wapambe wake. Utawajua: laini mpya, hazina picha, hazisalimii mtu, hazitaniani na mtu, zinaamka tu ukishaandika dau lako na kuongeza elfu kumi kumi. Ukisita, mpambe anashinda. Kesho yake asubuhi unapigiwa simu: "Kaka, yule mshindi amepata msiba, mzigo ni wako kwa dau lako la mwisho, ila lipa kabla ya saa sita." Dau hilo la mwisho umesukumiwa na watu wasiokuwepo. Na ile jezi "iliyouzwa" inarudi baada ya siku chache kwenye kundi jingine, imepigwa picha kwa upande wa pili.

Anaaminika kwa sababu hadithi zake ni za kweli. Coastal Union, klabu yetu ya soka ya hapa Tanga, ilichukua ubingwa wa ligi ya Bara 1988, hilo halina ubishi. Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter wa Marekani kushawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, na Nyerere hakukubali kuonana naye. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974. Mgosi, yaani mtu wa Tanga, akisikia 1988 moyo unalainika, na mkono unakwenda kwenye simu. Ila hadithi hiyo haijashonwa kwenye jezi. Mtu yeyote anaweza kuisoma, akaiandika kwenye kadi na kuibandika chini ya kioo.

Bahati nzuri huyu jamaa anajua hadithi kubwa tu, hajui mambo madogo. Mkamate kwenye tarehe. Jezi ya 1988 inakuja na cheti chenye muhuri wa TFF, shirikisho la soka la sasa, wakati mwaka huo chama cha soka kilikuwa FAT. Jina la TFF limeanza 2004. Kikombe kimechongwa "Jiji la Tanga 1986", ilhali Tanga imepewa hadhi ya jiji 2005. Bango la mechi ya miaka ya tisini mwanzoni lina tangazo la Vodacom, kampuni iliyoanza kutoa huduma nchini mwaka 2000. Beji ya "Simba 1968" haiwezekani, klabu ilikuwa bado inaitwa Sunderland hadi 1971. Kibendera cha "Tanzania" cha 1962 nacho hakiwezekani: jina lenyewe la Tanzania limeanza Oktoba 1964.

Kali kuliko zote ni namba ya kifuani ya Bayi ya "Montreal 1976". Tanzania ilisusia michezo ile pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia Montreal, kwa hiyo hakuna namba aliyoivaa huko. Na akikutokea mtu na medali ya dhahabu ya Olimpiki "ya Mtanzania", muage kwa heshima. Medali zetu za Olimpiki ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Bayi kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000.

Sasa jezi, maana ndiyo inayouzwa zaidi. Inakuja kwenye fremu nyeusi, nyuma kuna plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi na kuzungushiwa gundi ya karatasi ya kahawia. Ukiomba ifunguliwe unaambiwa "hewa ikiingia itaharibika". Uongo mtupu. Fremu ya jezi inayotengenezwa na anayejua kazi inafungwa kwa skrubu ili ifunguke. Jezi inashikizwa kwa mishono michache juu ya kadi isiyo na asidi, na pembeni zinawekwa fito nyembamba ili kitambaa kisiguse kioo. Kwa unyevu huu wetu wa pwani, kitambaa kikigusa kioo jasho la kioo linaingia humo, na baada ya masika moja unaona madoa meusi ya ukungu. Anayekuuzia kitu cha laki kadhaa kilichobanwa kwenye kioo na kugandishwa kwa gundi, ama hajui thamani yake ama anajua haina.

Ikifunguliwa, igeuze ndani nje kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Fungua mshono wa bega au wa ubavuni kwa vidole viwili, utazame kile kipande cha kitambaa kilichokunjwa ndani. Jua na kufuliwa miaka mingi huchosha rangi ya nje, hasa mabegani. Ndani ya mkunjo rangi hubaki nzito. Kama mkunjo wa ndani umepauka sawasawa na nje, jezi imelowekwa kwenye jiki mchana mmoja. Halafu tazama namba mgongoni. Namba iliyovaliwa huchanika na kubanduka pale mwili unapojikunja na mpira unapogonga, nyufa zinafuata mkunjo wa kitambaa. Iliyozeeshwa kwa msasa imekwaruzika katikati, palipo bapa, kwa mistari ya upande mmoja. Pitisha ukucha kwenye mikwaruzo hiyo utaisikia.

Chunguza lebo ya shingoni pia. Anwani ya tovuti kwenye lebo ya jezi ya 1988 inatosha kumaliza mazungumzo. Kama lebo imekatwa, usikubali maelezo kwamba "wachezaji wa zamani walikuwa wanazikata". Wapo waliokata, lakini hata wapambe wa mnada wanazikata. Jezi inayodaiwa kuwa ya miaka ya hamsini, chomoa uzi mmoja unaoning'inia, uuchome mbali na kitambaa: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kubaki kitone kigumu cheusi. Kipimo hiki hakikusaidii kwa jezi za themanini, wakati huo poliesta ilishajaa kila mahali.

Vikombe ni vyepesi zaidi kuvitambua. Anaviita "fedha halisi, vya mashindano ya mashamba ya mkonge". Geuza chini. Ukiona herufi EPNS, hicho ni kikombe cha mchanganyiko wa shaba na nikeli kilichopakwa ngozi nyembamba ya fedha kwa umeme. Si kibaya, vikombe vingi vya zamani ni hivyo, ila hakina bei ya fedha. Fedha ya Kiingereza ina mihuri midogo, mmojawapo ni simba anayetembea. Weka sumaku: fedha na shaba hazivutwi, ikinata hapo ni chuma. Kisha tazama maandishi. Kikombe kilichokaa kabatini miaka arobaini bila kung'arishwa kinapiga weusi kote, hata ndani ya herufi. Herufi zinazomeremeta kama zimechongwa jana juu ya kikombe cheusi zimechongwa jana kweli. Anachofanya ni kuokota vikombe vitupu vya harusi au vya gofu, anavipeleka kwa mchonga mihuri, vinarudi na historia. Sonara yeyote atakupimia kwa tone la dawa, dakika moja.

Picha na karatasi zinataka vifaa viwili: kioo cha fundi saa kinachokuza mara kumi, na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti dukani. Chini ya kioo, picha iliyosafishwa studio haina nukta. Vivuli vinateremka taratibu. Ukiona vitone vya bluu, waridi na njano, ni printa. Picha ya miaka ya hamsini iliyo kwenye karatasi yenye utando wa plastiki, ile inayoteleza na isiyochanika vizuri, ni nakala, karatasi hiyo ilienea baadaye sana, miaka ya sabini. Taa ya zambarau nayo: karatasi yenye dawa ya weupe inawaka bluu gizani, na dawa hiyo ilianza kutumika kwa wingi kuanzia miaka ya hamsini. Kijarida cha mechi cha 1938 kikiwaka kama shati la shule, kirudishe. Usitumie taa hii kuhukumu jezi, sabuni za unga zina dawa hiyohiyo, hata jezi halali iliyofuliwa itawaka.

Uzee wa chai pia ujue. Karatasi iliyolowekwa chai ina kahawia iliyolingana toka ukingo hadi ukingo, na mikunjo imenywa rangi zaidi. Karatasi iliyozeeka yenyewe hukolea pembeni na kufifia kuelekea katikati, na kwa huku kwetu huwa na vitone vya ukungu visivyo na mpangilio. Tazama pini za steplea: pini ya miaka hamsini Tanga imeota kutu na kutu imelamba karatasi. Pini inayong'aa kwenye karatasi ya kahawia haikuzeeka nayo.

Sahihi tuseme kidogo tu, ni somo la peke yake. Tazama kwa kioo kama wino una mwanzo na mwisho, pale kalamu ilipotua na ilipoondoka. Sahihi iliyochapwa haina. Iliyofuatishwa taratibu inatetemeka, na ncha zake ni butu. Glavu za "Ali, Dar 1980" tulizoonyeshwa picha zake zina sahihi mbili, kushoto na kulia, na ukizilaza moja juu ya nyingine zinakaa sawa nywele kwa nywele. Hakuna binadamu anayesaini hivyo.

Na mpira: ule wa vipande vyeusi na vyeupe ulienea duniani baada ya Adidas Telstar ya Kombe la Dunia la 1970 Mexico. Ukiuziwa kwa jina la mpira wa Gossage, lile kombe la zamani la Afrika Mashariki, wa 1955, cheka tu.

Vyeti vya uhakiki visikutishe. Marekani, miaka ya tisini, FBI ilibidi waanzishe Operesheni Bullpen kwa sababu ya mitandao ya waghushi wa vitu vya michezo, na vyeti vilighushiwa pamoja na sahihi. Cheti cha muuzaji mwenyewe ni muuzaji akijisifia. Kinachofaa ni mnyororo wa umiliki unaoweza kuuliza: nani alikuwa nacho, alikipataje, kuna picha ya zamani inayokionyesha? Wachezaji wa kikosi cha 1988 na familia zao wapo, na Tanga mtu hapotei. Ukiuliza maskani za Ngamiani utapata anayemjua anayemjua. Anayekataza usiulize ana sababu.

Kabla ya hela kutoka, dai video ya nusu dakika isiyokatwa: mbele, nyuma, ndani ya mshono, pamoja na kipande cha karatasi chenye neno ulilolichagua wewe dakika hiyo. Picha zake zitafute kwa Google Lens, utashangaa zinakotoka. Dalali wa mnada halali ana leseni ya udalali, na ukilipa anakupa risiti ya EFD. Unapotuma kwa simu, jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri liwe lake yeye, "hiyo laini ya shemeji yangu" ni mlango wa kutokea. Akisema mzigo umetumwa kwa basi, njoo uchukue stendi ya Kange, piga ofisi ya basi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, usipige aliyokupa. Lipa ukishaufungua. Mbuzi wa kwenye gunia anunuliwe na mwingine.

Umeshatuma? Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi, uombe muamala usitishwe. Hela ikishatolewa kwa wakala nafasi imepungua sana. Usifute meseji wala usitoke kwenye kundi, piga picha za skrini zikiwa na namba na saa. Namba ya tapeli itume 15040. Nenda kituo cha polisi na meseji ya muamala uchukue RB, namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu udanganyifu wa aina hii. Na akitokea "afisa" wa kukurudishia hela kwa ada kidogo, huyo ni yuleyule kwa laini nyingine.

Jezi inayozunguka sasa ni nyekundu, namba 7, fremu nyeusi, kioo kina mchubuko mfupi kona ya chini kulia, na kadi ya maelezo imekosea jina la uwanja wa Mkwakwani, imeweka k mbili mwanzoni: "Mkkwakwani". Ukiiona kwenye kundi lolote, weka picha hapa na siku uliyoiona.