Nimeunganisha filamu za Cats na Battlefield Earth kwa DaVinci Resolve ya bure, mrejesho wangu huu hapa

Wadau habari zenu, wengi mmeniuliza ile video ya utani ya Travolta na paka nimeitengenezaje na kwa programu gani, ngoja nijibu mara moja yaishe. Ni DaVinci Resolve, programu ya kuediti video, toleo la bure. Halibandiki nembo juu ya video yako (labda ukitumia efekti za toleo la kulipia), linatoa video mpaka 4K, na hilo la kulipia linaitwa Studio, dola 295 unatoa mara moja basi. Mimi sijatoa na kwa kazi ya utani kama hii sioni sababu ya kutoa.

Kwanza kwa nini hizi mbili. Battlefield Earth ya 2000 ndio ile John Travolta kavaa marasta na viatu virefu anaigiza jitu la sayari nyingine linaitwa Terl, ilichanwa na kila mtu ikazoa Razzie 7 (zile tuzo za kejeli za filamu mbovu), 2010 wakairudia tena wakaipa ya picha mbovu ya muongo mzima. Cats ya 2019 ndio ya kina Judi Dench na Taylor Swift wamegeuzwa paka kwa kompyuta, manyoya mwili mzima ila sura na mikono ya watu, mpaka studio ikatuma nakala iliyorekebishwa wakati picha ishaanza kuonyeshwa kwenye kumbi. Nayo ikabeba Razzie 6. Na waongozaji wote wawili wana Oscar nyumbani jamani, Tom Hooper ya uongozaji na Roger Christian ya mapambo ya seti za Star Wars, sijui nini kinawapataga hawa watu.

Sasa editi nyingi za hivi mtu anaokota vipande vibovu anavibandika tu, unacheka dakika mbili unachoka. Mimi nilitaka stori inayoeleweka, ina steringi, ina adui. Na stori ipo mle mle! Terl mabosi wake wamemgomea kurudi kwao, kakwama duniani. Paka nao kila mwaka wanashindana kuimba, bibi kizee Deuteronomy (huyo Judi Dench) anachagua mmoja apae akaanze maisha mapya. Yaani wote shida yao moja, wanataka kuondoka. Kwa hiyo kwangu Terl ni mshindani kama paka wengine, anagombea nafasi, anatoswa, anakasirika. Halafu yule paka mbaya Macavity wa Idris Elba, huyu huyu wa habari za kujenga studio ya filamu Zanzibar, kazi yake kuwapoteza wenzake kimazingara ili abaki peke yake, na majitu ya Travolta yana mashine ya kusafirisha watu kufumba na kufumbua, basi paka akipotea London anaibukia kwenye kizimba cha majitu huko Denver, Marekani. Sikuandika hata mstari mmoja. Tena yale majitu muda wote yanawatukana binadamu kwa kuwaita mnyama-mtu, tusi lililosubiri miaka 19 kupata wenyewe.

Kwenye programu yenyewe, kilichonifurahisha zaidi ni vitu vidogo. Battlefield Earth karibu kila shoti kamera imelazwa upande, sasa ukiweka shoti ya paka iliyonyooka pembeni yake macho yanagundua fasta kuwa hapa pameungwa. Dawa ni kuwapinda paka nao. Unabofya klipu, unaingia Inspector (paneli ya mipangilio ya klipu), unazungusha digrii 8 hivi, halafu unakuza picha karibu theluthi ili pembe nyeusi zisionekane. Inachekesha yenyewe tu, Ian McKellen (naye paka) anaimba huku dunia imelala. Na yale mapazia yanayofunguka katikati kila sini ikibadilika, Resolve inayo kabisa inaitwa Center Wipe, nimezimwaga kila mahali bila aibu.

Rangi ndio nyumbani kwa hii programu, ilianza kama mashine ya rangi kabla haijawa ya kuediti. Shoti za Travolta zimetiwa bluu na kijani, paka wamejaa taa za pinki, nikawatia wote ubluu kidogo na chengachenga za filamu, ikakaa.

Utani mwingi lakini unatoka kwenye nani anamwangalia nani. Mrusi Lev Kuleshov alishatuonyesha zamani, sura ile ile ukiiweka baada ya sahani ya supu watu wanaona njaa, ukiiweka baada ya jeneza wanaona huzuni. Sasa mwisho wa Cats Judi Dench anageuka anaongea na kamera moja kwa moja, anatoa somo refu la namna ya kumheshimu paka. Mkatie Travolta katikati, yuko kimya, anapumua, anatoa jicho. Anasemwa na bibi! Halafu Forest Whitaker pembeni yake, miaka kadhaa kabla hajaenda Uganda kuwa Idi Amin akapata Oscar, anaitikia kichwa. Hapo mke wangu aliomba turudishe nyuma.

Sauti ndio itakutoa jasho. Kwenye diski zenye sauti ya 5.1 (ya spika sita) maneno mengi yanakaa chaneli ya kati, muziki na vishindo vinakaa zaidi pembeni, kwa hiyo toa sauti iwe faili la WAV, iingize, nenda Clip Attributes uzigawe chaneli, chukua ya kati peke yake. Unapata maongezi ya Travolta karibu masafi unamwekea muziki wa paka chini. Ila kwa Cats haitoki safi hivyo, wale waliimba moja kwa moja mbele ya kamera, pumzi na vishindo vyote vimo. Kile kitufe cha kutenga sauti ya mtu kiko Studio tu, kwa hiyo palipochafuka mimi nimeweka simulizi yangu ya Kiswahili juu, ile staili ya Lufufu na DJ Afro, "sasa hapa adui anamwambia steringi..." na kusema kweli ndio sehemu watu wamecheka kuliko zote.

Mwisho nimeumaliza hivi: Jennifer Hudson, paka aliyechaguliwa, anapaa na lile puto lake, mawinguni, kata, anatokea sayari ya majitu, sayari inalipuka. Travolta yuko ndani ya kizimba anacheka kile kicheko chake, na ndivyo alivyoishia hata kwenye ya kwake, kafungiwa na dhahabu.

Kuhusu mashine, RAM ya GB 8 utateseka, 16 ndio unaanza kupumua, na vyovyote iwavyo tengeneza proksi (nakala nyepesi za video) kwanza kabla hujaanza kukata. Pia panga kasi ya fremu ya projekti kabla hujaingiza chochote, ukishaingiza haibadiliki tena. Kwa bei ya sifuri naipa nyota 4, ya tano wameifungia huko Studio na kile kitufe.

Mnaoomba linki, hamna. Picha si zangu, na hata nikiipandisha YouTube ile Content ID (mtambo wao wa kunasa kazi za watu) itaidaka kabla hujamaliza kupika chai. Mwenye hamu aje Jumamosi sebuleni, aje na vitafunwa vyake.